Mwalimu Hataki Kiti

Kwa miaka sita nilibeba kiti cha plastiki cha buluu kila kwaya yetu ilipoalikwa kuimba, na kwa miaka sita Mwalimu hakukikalia. Nilikibeba Rongo. Nilikibeba Masara, nikiruka mashimo ya wachimba dhahabu nimekivaa kichwani. Nilikibeba Homa Bay kwenye makambi, ule mkutano wetu wa hemani wa kila Agosti. Nilikuwa nakiweka nyuma yake, karibu kabisa na visigino, ili akirudi hatua moja tu atue. Yeye alikisukuma kwa mguu bila hata kugeuka, mikono iko hewani, macho yako kwa wasoprano. Tukishamaliza ananiuliza, "Nyaminwa, hiyo kiti uliletea nani?" Nyaminwa ni dada yangu kwa Dholuo, na alipoanza na neno hilo nilijua siku hiyo hatutasikilizana tena.

Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, sisi tunaosali Jumamosi, na siku nyingine alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake na changu cha ushonaji vilipakana hapo Migori mjini, katikati ukuta wa mabati tu. Kwa miaka kumi na sita nilisikia kila sauti ya besi, na ya tena, ile ya juu ya wanaume, ikipigwa mluzi upande wa pili kabla haijafika kanisani. Habari za kwao sizijui sana na sikuuliza. Ninayoyajua ni aliyoyafanya mbele ya macho yangu, na mengi yalinikera.

Alikuwa mtu wa ukweli kupita kiasi. Mwimbaji akitoka nje ya sauti, Mwalimu hakusema tujaribu tena. Alisema, "Wewe, wa tatu kutoka kushoto, unaharibu." Jumapili moja alitufanya turudie Amina, neno moja, alasiri nzima, kwa sababu besi walikuwa wakilimaliza nyuma ya wengine. Mama mmoja alikosa mazoezi akasema alikuwa matangani. Mwalimu akapita kwake kumpa pole, akakuta hakuna aliyekufa, akamtoa kwenye kwaya miezi miwili. "Mtu akidanganya kuhusu maiti," alisema, "atadanganya kuhusu noti." Nayataja haya mapema kwa sababu mtu huyuhuyu alikuja kusema uongo mbele ya baraza la kanisa, na mimi nilikuwepo, nikanyamaza.

Ugonjwa ulimwanzia kwenye jicho. Alikuwa akitengeneza ampilifaya ya kanisa, akaunganisha waya mwekundu mahali pa wa kahawia. Sabato asubuhi mhubiri kafungua mdomo, ampilifaya ikatoa moshi. Mwalimu akalaumu kiwanda, eti siku hizi rangi haiwekwi vizuri. Kesho yake akaja kibandani kwangu na kipande cha waya mkononi.

"Hii ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu kabisa?"

"Nyekundu ya sare yetu, Mwalimu. Kwani una nini?"

Akafunika jicho moja akautazama, akafunika la pili, akaenda zake. Kwa jicho la kushoto wekundu ulikuwa umefifia, ila siku hiyo hakuniambia. Baada ya wiki tatu jicho likarudi, naye akatangaza kwamba lilikuwa vumbi.

Halafu ikaja shingo. Akiinamisha kichwa, kitu kama stima ya umeme kilimpita kutoka kisogoni hadi kwenye nyayo, kwa hiyo akaacha kuinama wakati wa maombi. Kanisa zima limeinama, yeye kasimama wima anatazama mbele. Watu wakasema Mwalimu ameingiwa na kiburi, siku hizi anamwomba Mungu huku anamkodolea macho. Yeye aliyasikia maneno hayo na hakuyajibu. Mimi ndiye niliyeyajibu, tena kwa ukali, na sikujua hata ninatetea nini.

Alitibiwa malaria mara nne na taifodi mara mbili, kwa sababu kwetu mtu akisema mwili umechoka hayo ndiyo yanayotangulia. Wajomba zake wakasema ni chira, kwamba kuna mwiko wa nyumbani alivunja, wakataka mambo yatengenezwe kwa desturi. Wengine walikumbuka kwamba ujanani alichekecha dhahabu Macalder, akishika zebaki kwa mikono mitupu, wakasema sumu ndiyo imeamka sasa. Hiyo ya zebaki hata mimi niliiamini. Mwishowe daktari mmoja kule Kisumu alimwingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na uti wa mgongo, akampa jina la ugonjwa, multipo sklerosisi, au MS kwa kifupi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, inageuka na kula utando unaofunika mishipa ya fahamu. Hauambukizi, hauletwi na laana, na dawa zake haziuondoi, zinaupunguza kasi tu, ukizipata.

Haya yote nilikuja kuyajua kwa sababu ya koti. Aliniletea koti lake la kwaya akataka nilishonee mifuko minne kwa ndani, miwili kifuani, miwili mgongoni, kila mmoja wa kutosha chupa ya maji ya nusu lita. Nikamwambia sishoni mifuko ya ajabu kwenye sare ya kanisa bila kujua itabeba nini.

"Barafu," akasema.

"Barafu ya nini? Umekuwa muuza maji?"

Akavuta kigoda cha wateja, akakaa. Nadhani ndiyo mara pekee niliyomwona akikaa bila kulazimishwa. "Waya zangu zimechunika mpira," akaniambia. "Stima inatoka kwa kichwa iko sawa. Ikifika kwa goti, imevuja yote. Na joto ikipanda, inavuja zaidi." Kisha akanionyesha barua ya daktari, akanifanya niahidi kwamba nisimwambie mtu. Nikaahidi upesi upesi, kama mjinga.

Mifuko nikaishona. Ilifanya kazi vizuri, siwezi kukataa. Akiwa na chupa nne zilizoganda chini ya koti aliweza kusimama nyimbo tatu juani. Shida ni kwamba kule Homa Bay barafu ya haraka ni ya wauza samaki, na chupa iliyolala usiku kucha na mbuta hutoka na harufu ya mbuta. Ikifika ubeti wa pili, barafu inaanza kuyeyuka, na sisi alto wa safu ya mbele tunaimba utukufu wa mbinguni tumekunja pua. Nikimlalamikia ananiambia nivute pumzi kwa mdomo, ni vizuri kwa sauti.

Kibofu nacho kilikuwa na ratiba yake, na kikimwita hakikungoja. Alijua kila choo kati ya Migori na Homa Bay, kipi kina kufuli, kipi mwenye ufunguo ni mkali, kipi unakwenda na karatasi yako. Hakumwomba mtu yeyote amwonyeshe njia wala hakueleza. Angeeleza siku moja tu, angetuokoa sisi wote na yale ya Ogwedhi.

Tulikuwa tumealikwa mazishini huko Ogwedhi, na ikaangukia siku ya soko la ng'ombe. Jua lilikuwa la kuchoma, na choo cha wenye msiba kilikuwa na foleni hadi kwenye zizi. Choo kingine cha karibu kilikuwa ndani ya boma la mama pima, yule anayeuza chang'aa. Mwalimu akaingia kwa mama pima. Akatoka. Baada ya nusu saa akaingia tena. Alipotoka mara ya tatu anapangusa jasho, nusu ya kwaya na wazee wawili wa kanisa walikuwa wamesimama kando ya barabara wanamtazama.

Barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji kabla hatujaanza. Wimbo wa kwanza ulipita. Katika wa pili niliona mguu wake wa kulia unauvuka wa kushoto, akayumba, akaudaka mti wa hema. Mti ukang'oka. Turubai likashuka juu ya mhubiri na wanafamilia, na Mwalimu akawa chini, ulimi mzito, anasema, "Endeleeni na kiitikio." Na sisi tulivyofundishwa uoga, tukaendelea. Kiti changu kilikuwa hatua mbili nyuma, pale alipokisukumia.

Jumapili iliyofuata baraza la kanisa likaitwa. Mimi nilikuwa mjumbe, kwa ajili ya mambo ya sare. Mzee wa kanisa wetu ni muuza mbegu, mtu mpole, na ilionekana hakulala.

"Japuonj," akasema, yaani mwalimu, "watu wamekuona ukitoka kwa yule mama mara tatu. Halafu ukaanguka mbele ya maiti. Sisi hatutaki kuamini maneno ya barabarani. Tuambie wewe mwenyewe. Ilikuwa ni pombe?"

Barua ya daktari ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Niliiona pembe yake. Mwalimu akanitazama mimi kwanza, kunikumbusha ahadi yangu, kisha akamgeukia Mzee.

"Ndiyo," akasema.

Mtu ambaye hajawahi kuonja hata togwa! Wakampa miezi sita bila kazi yoyote ya kanisa, akitubu arudishwe. Akatubu palepale. Nilimfuata nje, nikamshika mkono wa shati karibu niuchane.

"Una wazimu? Barua iko mfukoni!"

"Nyaminwa, punguza sauti."

"Sipunguzi! Umesema uongo mbele ya kanisa. Wewe! Uliyemtoa mama wa watu kwa sababu ya matanga!"

"Nikitoa barua, nini itafanyika?"

"Watakuonea huruma!"

"Haya. Umejijibu." Akaegemea ukuta, maana miguu ilikuwa imechoka. "Mlevi anapewa miezi sita, halafu anarudi. Wewe umeshawahi kuona mgonjwa akipewa tarehe ya kurudi? Mgonjwa anaombewa. Anapewa kiti. Anatafutiwa mtu wa kumsaidia kidogo. Halafu siku moja unasikia, 'Alikuwa mwalimu mzuri.' Na bado uko hai, unasikia."

Nilimkumbuka mama aliyekuwa akifundisha watoto wetu kabla ya kupata kiharusi. Tulimwombea vizuri sana. Sikukumbuka mara ya mwisho nilipopita kwake. Kwamba Mwalimu alikuwa na haki ndani ya upumbavu wake kulinichoma kuliko uongo wenyewe, na niliondoka bila kumuaga.

Aliyeubeba mzigo ni mke wake, Mama Akinyi, anayeuza mahindi na maharagwe sokoni. Yeye aliijua barua, aliijua sindano ya dawa yake iliyokuwa ikikaa kwenye friji ya jirani, alijua kumvua mumewe viatu siku vidole vikikataa. Na bado wanawake walikuja kwenye gunia lake kumpa pole ya kuolewa na mlevi. "Yawa, mimi ndio naitwa bibi ya mlevi," aliniambia, anapepeta maharagwe kwa nguvu hadi mengine yanaruka. "Yeye amechagua jina yake. Yangu nani alichagua?" Niliyapeleka maneno hayo kwa Mwalimu kama yalivyo. Siku nzima mabati hayakutoa mluzi hata mmoja, lakini hakubadili neno.

Ile miezi sita alikaa benchi la nyuma na hakukosa Sabato moja. Asubuhi kabla jua halijakaza alitembea kutoka kibandani hadi kwenye daraja na kurudi, akihesabu nguzo za stima, na idadi aliyofika aliniambia kupitia mabati kana kwamba niliuliza. Siku nyingine nguzo kumi na moja, siku nyingine tatu. Alijifunza kusimama akiwa ameachanisha miguu na kukazia macho kitu kimoja kisichosogea, kwa sababu akifumba macho alianguka. Alichagua msumari ulio ukutani juu ya vichwa vya besi. Waliporudisha jina lake kwa kura, mikono yote ikiwa juu, alipita mbele, akautafuta msumari wake, na tukaimba. Besi hadi leo wanaamini kwamba alikuwa akiwachunguza wao.

Watu husema mgonjwa wa namna hii huwa na subira. Mwalimu hakuwa nayo hata chembe. Ugonjwa ulikuja na kuondoka upendavyo, na kila ulipoondoka ulibaki na kitu chake. Ukizidi alikwenda Kisumu kutundikiwa dripu siku kadhaa, akarudi na nguvu za ajabu na hana usingizi, anabadilisha sauti za tena katika nyimbo tulizokwisha kuzijua. Kisha nguvu zikishuka, analala saa nane mchana juu ya meza, paji la uso kwenye redio ya mteja. Alitupa bisibisi. Alinikaripia kwa kushona kwa kelele. Kuna siku aliniambia anatamani ungekuwa ugonjwa wenye adabu, unaoua au unaopona, kisha akaomba radhi, kisha akasema haombi radhi.

Siku moja nikiwa na mteja, bibi harusi mzima na shangazi zake, nilisikia sauti ya chini upande wa pili, ya kawaida kabisa, "Nyaminwa, umemaliza na wageni?" Nikasema bado. Nilipomaliza nikazunguka, nikamkuta sakafuni, kati ya meza na ukuta, miguu imekataa, redio iko mapajani anaendelea kuitengeneza. Alikuwa hapo zaidi ya saa nzima. Ardhi chini yake ilikuwa imelowa. Hakuniita kwa sababu nilikuwa na kazi. Nilimpiga begani kwa kitambaa nilichokuwa nacho, mara mbili, nikalia, nikamwinua, nikalia tena. Yeye ananiuliza kama bibi harusi amechukua satini au lesi.

Mwaka jana mguu wa kulia na mkono wa kulia vilikwenda na havikurudi. Akinyi, binti yao, akawachukua wazazi wake Homa Bay, kwenye nyumba inayopata upepo wa ziwani. Huku kwetu kanisani wakasema ni kiharusi, wakaomba, na kijana mmoja wa tena akawekwa kushikilia kwaya kwa muda. Kijana ni mzuri. Anaturuhusu kukosea. Jumamosi moja nilimsikia Mzee wa kanisa mwenyewe akisema mimbarini, "Tunamkumbuka Mwalimu wetu, alikuwa..." Sikuisikia sentensi iliyobaki, nilikuwa nimetoka nje.

Mwezi uliopita nikapata simu. "Nyaminwa, kuja na futi ya kupimia." Akakata. Hakusema ni ya nini, na mimi nikafunga kibanda siku ya kazi, nikaenda.

Nilimkuta barazani kwenye kiti cha magurudumu, kofia imelowa maji, amekonda, na uso wa mtu aliyefanya jambo. Mama Akinyi alikuwa pembeni anachambua omena, wale dagaa wa ziwani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alikuwa akicheka.

"Mwambie," akasema. "Mwambie vile umefanya."

Alikuwa ameandika barua kwa baraza la kanisa. Akinyi ndiye aliyeshika kalamu. Ndani aliweka yote, jicho, barafu, choo cha mama pima, ile Ndiyo yake. Mzee wa kanisa alifunga safari hadi Homa Bay, akampigia magoti Mama Akinyi mbele ya majirani, kumwomba radhi kwa jina walilompa la bibi ya mlevi, kisha akamwambia Mwalimu kwamba yamekwisha, wamemsamehe, wataendelea kumwombea.

"Nikakataa," akasema Mwalimu.

"Ulikataa nini?"

"Kusamehewa hivyo tu. Nilimwambia, Mzee, nimesema uongo mbele ya baraza. Hiyo ina adhabu yake. Yule mama wa matanga nilimpa miezi miwili na ilikuwa tu mazoezi. Mnipe yangu."

"Na?"

"Walikaa. Wamenipa miezi mitatu." Akainua vidole vitatu vya mkono wa kushoto, mmoja mmoja, ule mkono ulikuwa bado unamtii. "Ikiisha, narudi. Imeandikwa, na sahihi iko."

Niliinuka, nikaenda hadi mwisho wa baraza, nikarudi. Nilimwambia yeye ni mtu wa kuchosha kuliko wote niliowahi kukutana nao. Nilimwambia tungeweza kuyamaliza haya Ogwedhi, siku ileile, kwa karatasi moja. Mama Akinyi akasema, "Mwambie tena, hakusikia." Yeye alingoja nimalize, kama alivyokuwa akingoja besi.

"Sasa pima," akasema. "Koti ya zamani imekuwa kubwa. Na weka mifuko."

Nikatoa futi. Nikaanza na mabega, ambayo hayakuwa tena mabega niliyoyajua. Koti la mtu anayesimama na la mtu anayekaa hayakatwi sawa. La kukaa hufupishwa nyuma na kupanuliwa kiunoni, la sivyo linapanda hadi masikioni na mtu anaonekana ameazima. Kwa miaka sita nilitaka jambo moja tu kutoka kwake, na sasa sikuwa na nguvu ya kuuliza. Nilipima mkono mara mbili, nikapima kifua, nikaandika, nikapima mkono tena.

"Mkono umeshapima," akasema.

"Najua."

"Likate la kukaa."

Nikajifanya natafuta kalamu, nayo nilikuwa nimeishika.

"Nyoosha mgongo," nikamwambia, kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akanyoosha.